Mwalimu wa Hesabu Aliyeshindwa Kuhesabu Baiskeli Zake

Juma lililopita dada mmoja wa Katuba, mtaa wa mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, aliniandikia: "Yaya, niko nafuma vitambaa vya meza tangu 2019, watu yote banapenda. Nianze namna gani kuuzisha?" Nilisoma ujumbe wake nikiwa nimeshika koleo, waya mdomoni. Dada yangu, hilo "watu yote banapenda" ndilo lililonitesa miaka miwili.

Mimi natengeneza kinga, yaani baiskeli. Si za kupanda, ni za waya, urefu wa kiganja, zile zinazobeba magunia ya makala, yaani makaa, jinsi unavyoziona asubuhi zikiingia Lubumbashi kwa barabara ya Likasi, mwenyewe akisukuma huku jasho linamtoka. Nilijifunza nikiwa mtoto, kama vijana wote wa mtaa waliotengeneza magari ya waya. Wenzangu waliacha walipoota ndevu. Mimi nilikuwa nasahihisha mitihani ya wanafunzi, nikichoka napinda waya. Mke wangu aliziita takataka, kisha akaanza kuzipanga juu ya televisheni.

Siku moja mgeni wa jirani akaona, akauliza, "Papa, hii ni ya kuuzisha?" Nikajibu ndiyo kabla sijafikiri. Akatoa dola tatu. Usiku ule sikulala. Nilijiona tayari nina karakana, na vijana watatu, na kibao mlangoni.

Nilitengeneza sana, sitawachosha na hiyo miezi. Kilichoniuma ni siku niliyokaa na kalamu, mimi mwalimu wa hesabu, nikajipigia hesabu yangu mwenyewe. Waya na rangi, dola moja. Muda, saa nne. Maana yake mikono yangu ilikuwa inalipwa nusu dola kwa saa, na hapo sijaweka basi la kwenda mjini wala mshumaa wa siku umeme ukikatika. Kwa hiyo shauri la kwanza: andika saa zako. Usiniambie unafuma ukiongea na shoga zako, hizo pia ni saa.

Nikapandisha bei hadi dola sita. Nusu ya waliokuwa "wanapenda" wakapotea. Binamu yangu mmoja alisema nimeanza kiburi, ilhali kwake nimempa tatu za bure, na ya nne alikuja kuichukua kwa ajili ya bosi wake. Ndugu wanakupenda, sikatai, ila upendo wao haununui waya.

Halafu shaba. Nilitaka magurudumu yang'ae, na Lubumbashi bila shaba ni nini? Nikawa nachukua waya za mota zilizoungua kwa fundi mmoja wa kusuka mota mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Jioni moja walinzi wakanisimamisha na mfuko wangu. Katika mji ambako nyaya za umeme zinakatwa usiku na kuuzwa kwa kilo, mwanaume mwenye shaba mfukoni anaelezea nini? Nilitoa baiskeli moja niwaonyeshe. Waligeuza magurudumu, wakacheka, wakaniachia. Na baiskeli ikabaki kwao. Tangu siku ile fundi ananiandikia kikaratasi, hata kwa gramu mia mbili. Dada, nawe weka vikaratasi vya nyuzi zako.

Sasa lile ambalo bado linanichoma. Mwenye duka mmoja katikati ya mji aliniambia nimwachie baiskeli arobaini kwa depo, atanilipa zikiuzwa. Arobaini! Niliacha hata kusahihisha karatasi za wanafunzi, Mungu anisamehe. Dola mia mbili na arobaini, nilishaziweka kichwani kwenye karo ya watoto. Hatukuandika kitu. Ningemwambiaje tuandike, alikuwa ananiita "maître", yaani mwalimu, na kunipa soda baridi! Alinilipa dola sabini. Baada ya hapo kila siku ilikuwa kesho, na kesho yake amekwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kupokea mzigo. Ndugu zangu, acheni kuona haya mbele ya karatasi! Mtu anayechukia kuandika deni ameshajua kwamba hatalilipa. Andikeni idadi, bei, tarehe, wote wawili mtie sahihi. Haya yetu ndiyo inayotufukarisha, si uvivu.

Na sasa nauza. Nauza kweli. Mwishoni mwa mwaka nilimaliza zote sitini, nyingine zilikwenda na wageni waliokuja kutazama mambo ya sanaa. Mji wetu una biennale yake, maonyesho makubwa ya sanaa, tangu 2008, na mgeni wa sanaa habishani bei. Agizo kubwa silianzi bila nusu ya pesa mkononi. Mke wangu ndiye anashika daftari, maana mimi nikisifiwa kidogo tu napunguza bei. Dada, tafuta mtu wa namna hiyo nyumbani kwako. Na endelea kufundisha, kama unafundisha, mimi sijaacha.

Jumamosi nilipita mbele ya lile duka. Baiskeli zangu tatu bado ziko dirishani, vumbi juu ya magunia. Moja gurudumu limepinda. Nilisimama pale kidogo, koleo liko mfukoni, nikitamani tu kuingia nilinyooshe.