Mashine mpya ya LLVM haianzii seva kuu

Unauliza kama mashine mpya ya kujenga na kujaribu LLVM (mradi wa zana za kutengenezea compiler) unaiunganisha moja kwa moja na seva kuu ya Buildbot, mfumo unaoendesha majaribio hayo kiotomatiki? Hapana ndugu, huiunganishi hivyo. Inaanzia seva ya majaribio, poti 9994, ambayo haiwatumii waandishi wa msimbo (code) barua pepe mashine inapofeli. Ikishapita mfululizo bila kuyumba, ndipo unabadilisha poti kuwa 9990 ndani ya buildbot.tac, faili la mipangilio la mashine yako. Mwongozo wa mradi wenyewe unaelekeza hivyo, na ni haki kabisa: mashine inayofeli kwa kuishiwa RAM inawapotezea wengine muda wakisaka kosa lisilo lao. RAM yako ikiwa ndogo, weka LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS (idadi ya kazi za linking zinazoenda kwa pamoja) iwe 1, maana hatua hiyo ya kuunganisha vipande vya programu ndiyo inayoimeza zaidi.