Kula Pilau Yako ya Thanksgiving, Ila Angalia Jumanne

Kila ikifika Novemba, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku Minnesota, Marekani, hakosi mtu wa kutangaza kwamba mwaka huu Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, hagusi chapati. Namjibu vilevile kila mwaka: gusa. Kula pilau, kula chapati, na nyama ya mbuzi ya yule shemeji anayejua kuchoma usiipite. Siku moja haijamnenepesha mtu. Kinachotumaliza ni Jumanne, ile Jumanne ya kawaida. Umetoka zamu, saa kumi na moja jioni haijafika na nje ni giza totoro, masikio yanauma kwa baridi, jikoni hakuna kilichopikwa. Mkono unakwenda wenyewe kwenye mandazi ya friza na kikombe cha chai yenye vijiko vinne vya sukari. Kesho yake hivyohivyo, mpaka Aprili.

Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu wazima wa Marekani waliopimwa uzito kabla na baada ya msimu wa sikukuu. Kwa wastani waliongezeka kilo 0.37 tu, ingawa wenyewe walidhani wameongezeka zaidi ya hapo. Ubaya ni kwamba ule uzito haukutoka baadaye, hata kiangazi. Chukua hiyo nusu kilo isiyotimia, izidishe kwa miaka uliyokaa ughaibuni, halafu jiulize suruali ulizokuja nazo ziko wapi.

Ndiyo maana mimi ushauri wangu hauendi kwenye sherehe. Unaenda kwenye jiko la siku za kazi. Na hapo tuna bahati ambayo wengi hatuitumii, maana majani yanapopukutika ndipo soko la huku linapofanana na jiko la nyumbani kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka: maboga, viazi vitamu, sukuma, maharage mapya. Lakini mtu anapita vyote hivyo anakwenda kununua mchicha uliogandishwa, umevuka bahari, bei ya kuumiza roho.

Jumamosi asubuhi ya Septemba au Oktoba nenda soko la wakulima la St. Paul, mji mkuu wa jimbo letu. Mazao pale ni ya wakulima wa maeneo ya karibu, na wengi wao ni Wahmong, watu ambao wazee wao walikimbia Laos baada ya vita. Nawataja kwa sababu wao, kama sisi, wanakula majani ya maboga. Ukiona mafungu ya majani yenye vinyweleo, vikonyo vyake vina uwazi ndani na vimejikunjakunja nchani, hayo ndiyo. Menya zile nyuzi za vikonyo kama ulivyofundishwa na bibi, katakata, chemsha kidogo, tia nyanya, kitunguu na karanga za kusaga. Ila wahi. Baridi ya kwanza ya kugandisha, ambayo mara nyingi hupiga ndani ya Oktoba, inaua mboga hiyo usiku mmoja.

Sukuma ndiyo kinyume chake. Ikipigwa na baridi inakuwa tamu, kwa sababu mmea unageuza wanga wake kuwa sukari ili maji ya ndani ya majani yasigande upesi. Kwa hiyo sukuma ya mwisho wa Oktoba ni bora kuliko ya Julai, na bei inakuwa imeshuka. Hapo nunua mafungu mengi kwa mpigo. Osha, katakata, tumbukiza kwenye maji yanayotokota dakika tatu, hamishia kwenye maji ya barafu, kamua, funga kwenye mifuko midogo ya mlo mmoja mmoja, weka friza. Februari unakaanga kitunguu, unatupia mfuko mmoja, na dakika tano baadaye unakula mboga. Hii kazi ya asubuhi moja nitaitetea mbele ya yeyote anayeniambia hana muda.

Sasa maboga. Lile kubwa la rangi ya machungwa linalochongwa macho na meno kwa ajili ya Halloween liache. Linaliwa, lakini ni maji matupu na nyuzinyuzi, utasema boga la Marekani halina ladha. Tafuta kabocha: ni dogo, fupi, ngozi ya kijani iliyokoza yenye michirizi, ndani njano nzito. Hilo ukilipika linakuwa kavu na la unga, boga la nyumbani kabisa. Ngozi yake inaliwa na inalainika, usijisumbue kuimenya. Shida yake ni kulipasua, maana ni gumu kweli na kisu kinateleza. Liweke zima kwenye oveni yenye moto wa wastani kama dakika kumi na tano, ndipo ulikate. Vidole vyako utavihitaji.

Mimi hulipika futari. Usitikise kopo la tui. Lifungue taratibu, lile zito lililoganda juu lichote uweke pembeni, jepesi la chini liongezee maji na ndilo utakalochemshia boga, na punje chache za hiliki zilizopondwa na chumvi kidogo tu. Sufuria iwe wazi, moto wa kadiri, na usikoroge ovyo litavurugika. Tingisha sufuria yenyewe. Kisu kikipita bila kubisha, mimina tui zito, acha litokote mara moja, epua. Sukari sitii. Kabocha ina utamu wake, na anayeongeza sukari hapo atakuwa na sababu zake nyingine. Hayo mafuta ya nazi nayo yana kazi, kwa kuwa ile rangi ya njano ni chanzo cha vitamini A, na mwili unaifyonza vizuri zaidi ikiambatana na mafuta kidogo.

Viazi vitamu angalia rangi, usiangalie kibao cha dukani. Vile vya ndani rangi ya machungwa ni vya majimaji na vinafaa kuoka. Vya ngozi ya zambarau na ndani nyeupe inayoelekea njano, vinavyouzwa kwa jina la viazi vya Kijapani, ndivyo vya kuchemsha ule na chai asubuhi badala ya mkate. Usiviweke kwenye friji, vinakuwa vigumu katikati hata uvipike vipi.

Kwa wenye zamu ndefu, na tuko wengi, maharage ndiyo mkombozi. Hapa nina onyo moja zito. Kuna ile sufuria ya umeme ya kupika polepole, unawasha asubuhi unakuta chakula jioni. Usitie humo maharage mekundu mabichi. Yana sumu ya asili ambayo haivunjiki mpaka yachemke sawasawa, na sufuria ile inaweza isifike moto huo. Mtu anaishia kutapika usiku kucha akidhani kalogwa. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga maji yale, weka mapya, yachemshe yakitokota dakika 30, ndipo uyahamishie humo ukipenda. Au tumia sufuria ya presha yaishe mara moja.

Sherehe yenyewe sina mengi. Thanksgiving ni Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo bata mzinga aliyeganda atoke friza mapema: ndani ya friji anahitaji siku nzima kwa kila kilo mbili hivi, na wa kilo sita ni siku tatu. Asioshwe kwenye sinki, maji yanarusha vijidudu jikoni kote. Nunua kipimajoto cha nyama, hakina gharama kubwa. Sehemu nene ya paja na ya kifua ikifika nyuzi 74 za Selsiasi ameiva, hata wajomba wakisema bado. Kama ukoo wenu unapeana zamu za kuleta vyakula, jitolee kachumbari na mboga za majani. Wote watakimbilia kuleta wanga, na bakuli lako ndilo litakalokwisha la kwanza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kiporo. Sufuria ya pilau inalala juu ya jiko mpaka asubuhi, kwa hoja kwamba nje kuna theluji. Nje ndiyo, jikoni kuna joto la hita, na wali uliokaa kwenye joto hilo unazalisha sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto mara ngapi. Ndani ya saa mbili gawa kwenye vyombo vya kina kifupi, weka friji, na mmalize kukila ndani ya siku tatu au nne. Mifupa ya bata mzinga chemsha na tangawizi, pilipili manga na karoti, igandishe supu kwenye vikopo vya mtu mmoja.

La mwisho halipikwi. Minneapolis, jiji letu kubwa hapa Minnesota, iko nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, na kuanzia Novemba mpaka Februari jua la hapa, hata likiwaka, ni dhaifu mno kuupa mwili vitamini D. Sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi kuliko wenzetu kupata kiasi kilekile, hivyo tunaingia Desemba akiba ikiwa tayari ndogo. Kuna dagaa wa kopo, samoni, na maziwa mengi ya dukani yameongezwa vitamini hiyo. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima hadi miaka 70 ni mikrogramu 15 kwa siku, na vidonge vinauzwa kila famasi, lakini usimeze dozi kubwa kwa kusikia kwa jirani, inaweza kudhuru. Tembea nje mchana hata robo saa, kwa ajili ya miguu na akili. Ukienda kuchoma chanjo ya mafua Oktoba, muulize daktari kama unahitaji kupimwa vitamini D, na umwambie wazi kama unafanya zamu za usiku na unalala mchana. Asipojua hilo, hatajua kwamba jua hulioni.