Jibu: Mama mzee na safari ya Ziwa Ngozi

Ndugu, umeuliza kama unaweza kumpeleka mama yako wa miaka 65 Ziwa Ngozi na kurudi Mbeya siku hiyohiyo. Kurudi mtarudi, siyo mbali: mnashika barabara ya Tukuyu, mnashuka Isongole, mnachukua mwenyeji wa kuwaongoza. Kazi ni ule mlima. Msitu mzito, mianzi, na karibu na kileleni mnapanda kwa kushika mizizi. Mimi mvua ilinikuta humo mwezi wa tatu, udongo ukawa kama sabuni. Nendeni Agosti au Septemba, na masweta. Mkongojo pia. Mama aishie ukingoni. Ziwa lote la volkano analiona kutoka juu, la kijani, limetulia. Kushuka majini mkatalie, hata akisisitiza. Mpe shikamoo yangu.