Tembo niliyemchora ubaoni

Wiki hii mmeuliza: "Kosa gani la kazini hutalisahau?" Langu nililifanya kabla hata sijaajiriwa, nikiwa mwanachuo wa ualimu kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya msingi wilayani Tunduru. Darasa la awali, watoto 64, mikeka mitatu, na mkufunzi wangu kakaa nyuma, fomu ya tathmini juu ya goti.

Kipindi kilikuwa cha kuchora, nami nikajiona mjanja. Edward Saidi Tingatinga, yule aliyechora wanyama kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi kule Dar es Salaam hadi mtindo ukachukua jina lake, alizaliwa upande huu wa Tunduru mwaka 1932. Basi nikaona watoto wa kwao nao wachore tembo. Usiku nikamfanyia mazoezi tembo huyo kwenye daftari mpaka mkonga ukakubali kupinda. Kwenye andalio la somo nikaandika kwamba baada ya dakika 20 kila mtoto awe ameweza kuchora tembo. Nikiisoma sentensi hiyo leo nacheka peke yangu.

Krayoni zilikuwa boksi mbili, hazitoshi hata kugombaniwa. Nikaongezea bizari niliyoikoroga kwa maji, majani mabichi ya kusugua, na vipande vya mkaa. Karatasi zilikuwa migongo ya kalenda zilizopitwa na wakati. Nikamchora tembo ubaoni, masikio kama ungo, nikasema, "Haya, chora kama huyu."

Hapo ndipo nilipoharibu.

"Mwalimu, mimi siwezi." Alianza mmoja, wa pili akadaka, mara mkeka mzima. Waliokuwa na penseli walifuta mpaka karatasi zikatoboka. Binti mmoja alikuwa keshachora mtu wake, kichwa na miguu imetokea papo hapo kichwani, kama wachoravyo watoto wa umri ule. Alipotazama ubao akaona wake si tembo, akaikunja karatasi akaikalia. Wachache waliomudu walininakili kwa utiifu wa kusikitisha: hata ule mstari wa chaki ulioniteleza karibu na mkia, nao waliuchora.

Na kulikuwa na mvulana mmoja pembeni. Yeye alishika mkaa akaipaka karatasi yote nyeusi, kona kwa kona. Nikamtupia jicho mkufunzi, nikaona anaandika. Nikamwendea yule mtoto mbio, nikamnyang'anya karatasi na kumpa nyingine. Hakulia. Aliniangalia tu, akaanza kuipaka na ile ya pili.

Mwalimu mwenyeji, mama wa makamo aliyekuwa kanyamaza muda wote, akaja akachuchumaa mkekani. "Hebu nisimulie, baba. Hapa pana nini?"

"Usiku."

"Na tembo?"

"Yumo humo. Haonekani. Anakula mahindi."

Nilisikia aibu ambayo sijui nilinganishe na nini. Mimi ni mtoto wa mjini, tembo ninayemjua ni wa kwenye noti ya elfu kumi. Hawa wanaishi kwenye njia ya wanyama inayounganisha hifadhi ya Selous na ile ya Niassa, Msumbiji. Mahindi yakikomaa, wazazi wao wanalala kwenye madungu, vile vibanda vya kulindia shamba, wakipiga madebe kuwafukuza tembo. Wengi wao tembo wanamjua kwa mlio wa mabua yanayovunjika gizani, na kwa shamba wanalolikuta asubuhi. Kati yangu na yule mtoto, aliyekuwa akichora tembo alivyo ni nani?

Nikafuta ubao. Nikawaomba wanisimulie kwanza, halafu wachore. Kelele zikapanda mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani. Zikatoka picha ambazo nisingezipanga hata ningekesha: debe lenye macho, nyayo tupu, mviringo baada ya mviringo, hadi ukingoni mwa karatasi, bibi mkubwa kuliko nyumba, na tembo mdogo kama paka miguuni pake. Nilipouliza mbona tembo kawa mdogo hivyo, nikajibiwa kana kwamba mimi ndiye wa awali: "Bibi hamwogopi."

Mkufunzi aliniandikia: zana nzuri, darasa lina kelele. Sikubishana naye, kelele zilikuwepo kweli.

Wiki zilizobaki sikuchora tena kiolezo ubaoni. Niliacha pia kuuliza "Hiki ni nini?" maana mtoto akisikia hivyo anajua hujakitambua, na mkono unasita. "Nisimulie" inafanya kazi zaidi. Wenzangu chuoni walikuwa wakisifia kila mchoro "safi sana, safi sana". Nalo silipendi, watoto hugundua haraka kwamba hujautazama. Afadhali useme, "Naona nyayo zako zinaishia hapa. Alielekea wapi?"

Ile karatasi nyeusi nilimrudishia mwenyewe kwa mikono miwili, nikamwomba radhi, kisha nikamwuliza kama naweza kubaki nayo. Akakataa. Alisema anampelekea babu yake, ndiye anayelinda shamba. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati jeupe la shule, na mkaa wote ukahamia kwenye shati.