Pinki kidogo sebuleni, lakini tazama mwanga kwanza

Nyumba nyingi za kupanga hapa Nairobi zinafanana: kuta za krimu, vigae vya kahawia, kochi la rangi isiyoonyesha uchafu. Nimeishi katika nyumba za aina hiyo tangu nianze kujitegemea, na rangi ambayo imenisaidia kuzichangamsha kuliko zote ni pinki. Sizungumzii ukuta mzima. Mito miwili, kivuli cha taa na pindo la pazia vinatosha sebule ya kawaida.

Kabla hujatoa shilingi, angalia dirisha lako limeelekea wapi. La mashariki hupata jua asubuhi, kisha mchana pinki iliyopauka huanza kuonekana kama kijivu. La magharibi hupata jua la jioni, na hapo karibu pinki yoyote hupendeza. Halafu kuna baridi yetu ya Juni hadi Agosti, mawingu siku nzima. Kwa sababu hiyo mimi huchagua pinki iliyokolea kidogo, inayokaribia rangi ya udongo. Hiyo haipotei hata siku ya mawingu.

Usiku tatizo huwa ni balbu, na wengi hawalifikirii kabisa. Balbu nyingi madukani ni za mwanga mweupe, pakiti imeandikwa 6500K. Mwanga huo una ubuluu, kwa hiyo mto ulioupenda mchana unageuka kama zambarau iliyochujuka. Tafuta iliyoandikwa 2700K au 3000K, yaani yenye mwanga wa umanjano. Kwangu nilibadilisha ya taa ya pembeni tu, na mto wa velveti uliokuwa umekaa pale muda mrefu ukaonekana mpya: mikunjo yake ikashika kivuli chekundu, na mbao za kochi zikang'aa kando yake.

Mbao ndizo rafiki mkubwa wa pinki, hasa zile nyekundu nyekundu kama mahogani. Kijani pia. Pita mitaa ya Kilimani uone bogenvilia ilivyoangukia kuta za mawe ya kijivu: pinki, kijani, kijivu. Mpangilio huo unaweza kuuhamishia ndani ulivyo, kwa mmea mmoja kwenye chungu na mto mmoja.

Kuhusu kununua, Eastleigh kuna vitambaa vya mapazia vya kila namna, na Gikomba utapata foronya za mtumba ukiamka mapema. Ila mimi napenda leso, yaani khanga, za Biashara Street. Leso huuzwa jozi, na moja inatosha sehemu ya mbele ya mito kadhaa. Ifue kwanza kwa maji baridi kabla fundi hajaikata, maana pamba hurudi ikawa ndogo na nyekundu huchuja. Mwambie aweke bitana, kwa kuwa leso ni nyepesi na huchanika haraka kwenye mshono. Upande wa nyuma atumie kitambaa kizito cha krimu. Na popote unaponunua, toka na kitambaa nje ya duka ukitazame juani. Muuzaji mzuri hatakataa.

Jua lenyewe ni kali. Tuko karibu na ikweta na karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hivyo pazia la pinki lisilo na bitana hupauka upande wa dirishani. Mito igeuze mara kwa mara.

Wanaosema pinki ni ya chumba cha binti hawajaiona ikikaa na kahawia.

Ukitamani ukuta, ongea na mwenye nyumba kwanza, kwa sababu huenda akakudai uurudishe krimu siku ya kuhama. Akikubali, nunua rangi kidogo, paka karatasi kubwa mara mbili, uibandike ukutani. Itazame saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri, na usiku taa zikiwaka. Ukiipenda nyakati zote tatu, mwite mpaka rangi.