Kocha msaidizi kaondoka, nani anashika nafasi yake?

Msimu wa futiboli ya vyuo Marekani ukiisha tu meseji zinaanza kumiminika na safari hii karibu zote zinauliza kitu kimoja, makocha wasaidizi wanaohama na watu wanaoletwa badala yao. Nimechukua tatu.

SWALI: Kaka mambo vipi. Mratibu wetu wa ulinzi kaondoka kaenda kuwa kocha mkuu chuo kingine, na bosi wake badala ya kutafuta mtu wa maana kampandisha jamaa wa ndani ambaye hata jina lake wengi hatukuwa tunalijua. Kwenye group letu la mashabiki watu wamechachamaa, wanataka jina kubwa. Wewe unaonaje, wa ndani au wa nje?

JIBU: Poa kaka. Mimi naona hilo swali la ndani au nje ndo linalowapoteza mashabiki wengi, maana mifano ipo ya pande zote mbili na yote ina makovu. Angalia chuo cha Clemson. Brent Venables alisimamia ulinzi pale tangu 2012, Desemba 2021 akaenda Oklahoma kuwa kocha mkuu, na mwezi huohuo Tony Elliott wa mashambulizi naye akaenda Virginia. Kocha mkuu Dabo Swinney akapandisha watu wake wawili, Wes Goodwin kwenye ulinzi na Brandon Streeter kwenye mashambulizi. Streeter alidumu msimu mmoja tu kama mratibu, Januari 2023 akatolewa japo walichukua ubingwa wa ACC, ligi ya vyuo wanayocheza, akaletwa Garrett Riley kutoka chuo cha TCU aliyekuwa ametoka kushinda tuzo ya Broyles, ile ya kocha msaidizi bora wa mwaka. Goodwin alienda misimu mitatu halafu naye Januari 2025 akaachwa.

Sasa kabla hamjashangilia kwamba mlisema, njoo chuo cha LSU. Januari 2020 wamemfunga Clemson 42-25 wamebeba ubingwa wa taifa, ndani ya siku chache Joe Brady wa mashambulizi kaenda Carolina Panthers ya NFL, ligi ya kulipwa, na Dave Aranda wa ulinzi kaenda Baylor kuwa kocha mkuu. Kocha mkuu Ed Orgeron akaleta jina kubwa kweli, Bo Pelini, aliyesimamia ulinzi wa LSU ilipochukua ubingwa wa msimu wa 2007. Mechi ya kwanza tu dhidi ya Mississippi State wakarushiwa mipira ya yadi 623 na kwotabeki (mrusha mipira) mmoja, rekodi ya SEC, ligi yao LSU, wakafungwa 44-34 nyumbani kwao. Wakamaliza msimu 5-5 na Pelini akaondoka. Niwe mkweli, mwaka ule korona ilikata mazoezi ya springi (majira ya kuchipua) na wachezaji kadhaa wakubwa waliamua kutocheza, lakini pia kulikuwa na ishu ya mfumo: Aranda alikuwa anapanga watu watatu mbele na lainibeka (walinzi wanaosimama nyuma ya hao wa mbele) wanne, Pelini akageuza wakawa wanne mbele, yaani vijana waliosajiliwa na kufundishwa kwa kazi moja wakaambiwa wajifunze nyingine bila muda wa kuizoea.

Kwahiyo mimi swali langu huwa ni hili: aliyeondoka alikuwa anafanya nini hasa? Kocha msaidizi anabeba kazi kama tatu kwa wakati mmoja. Anafundisha nafasi fulani kila siku, anasaka vijana wa sekondari na kukaa na wazazi wao, na akiwa mratibu ndo anayechagua mchezo gani uchezwe kila mara mpira unapowekwa chini. Ukiondokewa na fundi wa kuchagua michezo ukaleta fundi wa kusajili, hujaziba pengo hata kama umeleta mtu mzuri. Venables alikuwa maarufu kwa kusoma ishara za wapinzani na kubadilisha ulinzi sekunde za mwisho, kitu kile hakipo kwenye kitabu cha michezo, kiko kichwani mwake, na Goodwin kabla ya kupandishwa alikuwa kwenye kundi la wachambuzi ambao kwa kanuni za wakati ule hawakuruhusiwa kufundisha wachezaji uwanjani. Kanuni hiyo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliilegeza 2024, sasa mchambuzi anaweza kufundisha mazoezini na kwenye mechi, kwahiyo siku hizi jamaa wa ndani anayepandishwa anaweza kuwa ameshapata uzoefu wa kutosha. Huyo wa kwenu muulizieni hilo kwanza kabla ya kumzomea.

Mfano ninaoupenda mimi ni Alabama. Kirby Smart aliyesimamia ulinzi pale alipoenda Georgia kuwa kocha mkuu baada ya msimu wa 2015, kocha mkuu Nick Saban alimrudisha Jeremy Pruitt, mtu aliyewahi kufundisha mabeki wa nyuma palepale Alabama, akatoka akaenda kusimamia ulinzi Florida State na Georgia, akarudi. Ni wa nje lakini lugha ya nyumba anaijua, wachezaji hawakulazimika kujifunza upya majina ya kila kitu. Januari 2018 ulinzi wake ukaingia fainali dhidi ya Georgia ya Smart mwenyewe, Alabama ikashinda 26-23 muda wa nyongeza. Na hata pale ambapo mgeni kabisa amefanikiwa, kama Matt Patricia aliyekwenda Ohio State 2025 akitokea maisha ya NFL, makocha wa nafasi kama Larry Johnson wa laini ya ulinzi na James Laurinaitis wa lainibeka walibaki, kwahiyo mchezaji asubuhi anamkuta mwalimu yuleyule. Mechi ya kwanza waliwafunga Texas 14-7. Nyie badala ya kupigia kelele jina, angalieni makocha wa nafasi wamebaki wangapi, hiyo inaniambia mengi kuliko jina la anayekaa juu yao.

SWALI: Shikamoo mchambuzi. Mwanangu anacheza laini ya mashambulizi na Desemba alisaini na chuo kimoja kwasababu ya kocha wa nafasi yake, huyo kocha alikuwa anakuja mpaka nyumbani, tukamzoea kama ndugu. Januari kaondoka, hata kutuaga hajatuaga, tumesoma kwenye simu. Mtoto hali vizuri. Je anaweza kuondoka? Na tufanyeje?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Inauma na sitakwambia kwamba ndo biashara ilivyo mzoee, maana mtoto wa miaka 18 aliamini neno la mtu mzima na mtu huyo alipaswa angalau kupiga simu.

Kwenye kanuni ni hivi. Kocha mkuu akiondoka, wachezaji wanafunguliwa dirisha la ziada la kuingia potali ya uhamisho (orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo), na kwa mabadiliko ya mwishoni mwa 2025 dirisha hilo ni siku 15 zinazoanza siku ya tano baada ya kocha mpya kutangazwa. Kocha msaidizi akiondoka hakuna dirisha lolote la ziada, hata awe ndiye aliyemsajili mtoto na kumfundisha peke yake. Linabaki dirisha la kawaida la Januari. Zile barua za kujifunga na chuo, National Letter of Intent, zilifutwa Oktoba 2024, anachosaini mtoto sasa ni mkataba wa msaada wa masomo na chuo, na pengine na wa malipo pembeni, kwahiyo msiamue chochote kabla hamjausoma pamoja na mtu anayeelewa sheria, na mpigieni ofisi ya kanuni ya chuo chenyewe, kila idara ya michezo inayo.

Ila mama, kabla ya kuwaza potali, mwombeni kocha mkuu mkutano. Ye mwenyewe, sio msaidizi wake. Mtoto awepo na aulize kwa mdomo wake: nani atafundisha laini kwenye mazoezi ya springi, ni wa muda au ndo amepewa kazi? Mbinu za kuzuia zitabadilika? Maana kwenye laini mtoto aliyefundishwa kusogea kwa pamoja upande mmoja akifungua njia, akiletewa kocha anayetaka kila mtu amsukume wa mbele yake moja kwa moja, uzito na mwili anaotakiwa kuwa nao ni mwingine kabisa. Aulize pia kama yeye bado yupo kwenye mpango wa nafasi ileile. Kocha mkuu anayejibu hayo bila kuzunguka, hata kama jibu sio tamu, kaeni mumpe miezi michache. Akianza kusema subirini tutawajulisha na springi inaanza wiki mbili zijazo, hapo mna haki ya kuwa na wasiwasi. Na huyo kocha mpya akipatikana mpeni nafasi, msimpokee kwa hasira za yule aliyeondoka.

SWALI: Kwanini wanahamaga wakati mbaya hivyo, wengine mpaka fainali haijachezwa? Na kwanini mbadala anachelewa kutangazwa wakati tetesi zishajaa?

JIBU: Kwasababu nafasi zinafunguka mnyororo. Januari 2025 Clemson walipomwacha Goodwin walimchukua Tom Allen aliyekuwa Penn State, Penn State wakaenda kumchukua Jim Knowles aliyekuwa ametoka kubeba ubingwa na Ohio State, Ohio State ndo wakamleta Patricia. Mtu mmoja kaachwa kazi, vyuo vitatu vimebadilisha kiongozi wa ulinzi. Halafu ukiongezea NFL inayochagua watu muda huohuo, na mkutano wa American Football Coaches Association unaofanyika Januari ambapo makocha kibao wanakutana sehemu moja, ndo unaona kwanini mwezi ule ni vurugu.

Kuchelewa kutangazwa mara nyingi ni makaratasi. Vyuo vingi vya umma lazima vitangaze kazi wazi, vikague historia ya mtu, na kuna fidia ya kuvunja mkataba wa zamani inayotakiwa ikubaliwe kwanza nani analipa. Jina unaweza kulisikia Jumatatu, sahihi ikawekwa wiki inayofuata.

Kuhusu kuondoka kabla ya fainali, Saban alishawahi kuamua mwenyewe. Lane Kiffin alikuwa kapata kazi ya kocha mkuu Florida Atlantic, akili zimegawanyika, wiki moja kabla ya fainali ya Januari 2017 wakaachana, na mashambulizi akakabidhiwa Steve Sarkisian aliyekuwa mchambuzi. Clemson wakashinda 35-31 kwa mguso (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) uliopatikana sekunde moja kabla ya mwisho. Watu wanamlaumu Saban mpaka leo kwa uamuzi ule, mimi simlaumu, siku saba zile alihitaji mtu anayewaza mechi moja tu, na kama mwezi mmoja tu baadaye Atlanta Falcons ya NFL walimchukua Sarkisian kuwa mratibu wao wa mashambulizi, ikabidi Saban aanze kutafuta mwingine tena.