Kupima kama darasa la kujitunza linapunguza upweke: niliyojifunza Dodoma

Nina kisukari tangu mwaka 2014, na kwa awamu tatu sasa nimekuwa mmoja wa viongozi wawili wa darasa la kujitunza linalokutana hapa Dodoma mjini, katika chumba tulichoazimwa jirani na zahanati. Wanaokuja ni watu wa kisukari, presha, pumu na maumivu ya viungo. Tulipoulizwa kwa mara ya kwanza kama darasa linawaondolea watu upweke, nilijibu ndiyo bila kusita, kwa kuwa nilikuwa nimewaona wakicheka pamoja na kupeana namba za simu. Baadaye nilitambua kwamba nilichokiona ni furaha ya saa mbili tu, na kwamba sikujua lolote kuhusu siku sita zinazobaki katika wiki. Kwa yeyote anayeendesha darasa la namna hii na anayetaka kupima jambo hilo kwa uaminifu, haya ndiyo ninayomshauri.

Ni vizuri kwanza kufahamu kwamba darasa lenyewe halikubuniwa ili kutibu upweke. Mfumo tunaoufuata ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Kate Lorig na wenzake: kikao kimoja cha saa mbili na nusu kila wiki kwa wiki 6, kikiongozwa na watu wawili ambao kwa kawaida wao wenyewe wanaishi na maradhi ya kudumu. Kila mshiriki anajipangia jambo moja la wiki, kwa mfano kutembea dakika ishirini mara tatu, kisha anataja kwa namba, kuanzia 0 hadi 10, jinsi anavyojiamini kwamba atalitimiza. Akitaja chini ya 7, mpango unapunguzwa mpaka ulingane na uwezo wake. Wiki inayofuata anarudi na kuwaeleza wenzake yaliyotokea. Mimi naamini ukaribu unazaliwa hapo, katika kurudi na kusema mbele ya watu, "Nilishindwa," na kusikia mwingine akijibu kwamba naye alishindwa.

Utafiti wao uliochapishwa mwaka 1999, uliohusisha watu 952, uliwalinganisha walioanza darasa mara moja na waliokuwa wakisubiri zamu, na baada ya miezi 6 ulionyesha, pamoja na mengine, kwamba maradhi yaliwazuia walioanza kwa kiasi kidogo zaidi katika shughuli zao na watu wengine. Lakini kuzuiwa na ugonjwa usiende harusini au msibani ni jambo moja, na kujiona mpweke ukiwa umeketi katikati ya harusi hiyo ni jambo lingine. Anayepima lazima aamue mapema anapima lipi.

Sisi tuliazima vipimo viwili. Kimoja ni kile kifupi cha maswali matatu kuhusu upweke: ni mara ngapi unajiona huna mwenza wa kuwa naye, ni mara ngapi unajiona umeachwa, na ni mara ngapi unajiona umetengwa na wengine. Kila jibu lina alama 1 hadi 3, hivyo jumla ni kati ya 3 na 9. Cha pili ni kipimo cha Lubben chenye maswali sita, matatu ya jamaa na matatu ya marafiki: wangapi unaonana nao au kuzungumza nao walau mara moja kwa mwezi, wangapi una uhuru wa kuwaeleza mambo ya faragha, na wangapi unaweza kuwategemea wakusaidie. Jumla yake ni 0 hadi 30, na anayepata chini ya 12 anahesabiwa kuwa katika hatari ya kubaki pweke.

Tatizo letu la kwanza lilikuwa neno "kutengwa". Kwa wazee wetu, anayetengwa ni mtu aliyefanya kosa au anayeshukiwa uchawi, na mama mmoja alisimama kabisa akauliza ni nani aliyempelekea maneno hayo. Tukalibadilisha swali likawa: "Ni mara ngapi unaona mambo yanakwenda na wewe uko kando?" Tatizo la pili likawa majibu yenyewe, kwa sababu "mara chache" na "mara kwa mara" yakisomwa haraka yanachanganyika masikioni. Tuliweka punje za karanga mezani: moja kama si kawaida yako, mbili kama hutokea wakati mwingine, tatu kama hutokea mara nyingi. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena tunamaanisha nini. Kwa hiyo usitafsiri maswali mezani kwako kisha ukayapeleka moja kwa moja. Yasome kwa sauti mbele ya watu watano wa rika la washiriki wako na uwaombe wakueleze kwa maneno yao wamesikia nini.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Katika awamu ya kwanza niliwauliza mwenyewe, siku ya kikao cha mwisho, tukiwa tumemaliza chai. Nani angemwambia kiongozi wake, anayemwamkia "shikamoo" kila wiki, kwamba bado ni mpweke? Tena niliwauliza waliokuwepo peke yao. Tulianza watu ishirini na wawili tukamaliza kumi na wanne, na hao wanane walioacha ndio niliopaswa kuwatafuta kabla ya wote. Siku hizi anayeuliza ni kijana asiyefundisha darasani, anawafuata nyumbani hata walioacha, na anauliza mara tatu: kabla ya kikao cha kwanza, baada ya cha mwisho, na miezi 6 baadaye. Maswali hayohayo tunawauliza walio kwenye orodha ya kusubiri, katika wiki zilezile.

Hilo la wiki zilezile lina uzito wake kwetu katika mikoa ya kati. Tuna msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na mvua zikianza watu wengi wanahamia mashambani Bahi, Chamwino au Kongwa. Ukipima Agosti na kurudia Januari, utadhani darasa limewatawanya watu, kumbe ni jembe. Kundi linalosubiri litakuonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa nalo limekwenda shamba.

Halafu kuna jambo ambalo namba peke yake haitakueleza. Mama mmoja aliingia na alama 4 za upweke akatoka na 6. Nilihuzunika, nikaenda kumwona. Aliniambia kwamba kabla ya darasa hakuwahi kufikiri kuwa mtu anaweza kuieleza familia yake anavyojisikia. Sasa amejua inawezekana, na ameona kwamba yeye hana wa kumweleza. Hali yake haikuwa imeharibika, bali alikuwa ameanza kuipima kwa rula nyingine. Ndiyo maana, kwa kundi la watu kumi au ishirini, sikushauri uandike asilimia. Andika alama za kila mtu, na pembeni andika sentensi mbili za alichosema, ukitaja pia kama wiki hiyo alifiwa au aliugua.

Kipimo cha Lubben nacho kilitupa funzo. Mzee mmoja alipata alama nyingi upande wa jamaa, kwani anaishi na watoto na wajukuu tisa. Kijana wetu alipomaliza kuhesabu, mzee alimwambia: "Mwanangu, nyumba imejaa watu, lakini sindano yangu najichomea chooni." Hakutaka waione insulini.

Baada ya hapo tuliongeza swali letu wenyewe, ambalo hatulijumlishi na alama zozote: nyumbani kwako, nani anajua dawa yako inakaa wapi? Mara ya kwanza mzee yule alijibu, "Mimi tu." Miezi sita baadaye jumla yake ya Lubben ilikuwa imepanda kwa alama moja, na kwa swali letu alijibu, "Mimi na mjukuu wangu wa darasa la tano. Yeye ndiye ananikumbusha jioni."